Mwenye Vyombo ni Nani? Kuazimisha Ala za Muziki na Watoto Wetu Walioko Mwananyamala

Wanamuziki wa Dar es Salaam mara nyingi hawasemi ala. Wao husema vyombo, na anayevimiliki humwita mwenye vyombo. Huyo ndiye anayeamua nani apige na nani akae nje, wapige wapi, mpaka saa ngapi za usiku, na mbele ya watu wa aina gani. Kijana anaweza kuwa na kipaji kikubwa, lakini gitaa, kinanda au tarumbeta si vitu vya kununua kwa pesa ya kubeba mizigo au kuuza maji barabarani. Akitaka kujifunza itambidi amfuate mwenye navyo, na akimfuata ataingia chini ya masharti yake.

Tunaligusa jambo hili kwa sababu familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto upande wa pili wa bahari. Yuko kwa shangazi yake Mwananyamala au kwa ami yake Temeke, anasoma au anatafuta riziki. Mwananyamala imo wilaya ya Kinondoni. Wengi wetu tunaijua kwa hospitali yake ya rufaa ya mkoa. Nyumba zimesongamana, na majirani zake ni Tandale, Makumbusho na Kijitonyama. Muziki huko hauombi ruhusa kuingia ndani ya nyumba, na mzazi aliyeko Wete au Makunduchi hana namna ya kuuzima. Anachoweza kukijua ni kwamba mtoto wake, akivutwa na muziki, atavutwa kwenda kwa nani.

Katika miji mikubwa ya nje imezuka njia ambayo huenda ikafika kwetu. Mwezi wa Aprili 2016, Maktaba ya Umma ya Toronto, Kanada, ilianza kuazimisha ala za muziki katika tawi lake la Parkdale. Mwenye kadi ya maktaba anakwenda kaunta kama anavyokwenda kuchukua kitabu, anaondoka na gitaa, fidla au ngoma, halafu anairejesha siku ikifika. Halipi kitu. Gharama za kuanzia zilitolewa na Sun Life, kampuni ya bima na mambo ya fedha, ambayo baadaye ilifanya hivyo hivyo katika miji mengine ya nchi hiyo. Wala wazo la kuazimisha vitu visivyokuwa vitabu halikuanzia hapo. Maktaba ya Berkeley, California, inaazimisha nyundo, misumeno na ngazi tangu 1979.

Sasa hebu tuuchukue utaratibu huo tuuweke Mwananyamala. Tuseme kuna maktaba ya mtaa, chumba kimoja chenye rafu za vitabu, na ukuta mmoja umetundikwa magitaa mawili, udi, kinanda na matari. Swali la kwanza litakalokuja kwa masheikh ni kama muziki ni halali au haramu. Ni swali la haki na tutalifikia. Lakini kabla yake lipo lile la mwenye vyombo, na ukilipuuza utatoa jibu la nusu.

Tazama historia ya jiji lenyewe. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika na bendi ikabadilika jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Vijana Jazz ya Kinondoni, jirani kabisa na Mwananyamala, ilianzishwa 1971 chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilianza 1978 mikononi mwa shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani wakaenda kwenye bendi yake mpya. Aliweza kwa sababu alikuwa na vyombo vizuri zaidi na fedha zaidi. Miaka ya 1990 mchezo ule ule ukahamia kwenye taarab, Muungano upande mmoja na TOT upande wa pili, waimbaji wakitoka huku wakienda kule, na mitaa mizima ikigawanyika.

Katika habari hizo zote mpigaji ni mtu wa kupita. Vyombo vinabaki, yeye anaondoka mikono mitupu. Na kwa sababu shirika au tajiri aliyenunua vyombo alitaka fedha yake irudi, muziki ulipigwa pale ambapo fedha inarudi haraka, yaani ukumbini usiku, kwenye kuuzwa bia. Hilo halikuwa tabia ya gitaa. Lilikuwa tabia ya biashara iliyolinunua gitaa.

Leo bendi zimepungua nguvu na vijana wa Tandale, Manzese na Mwananyamala wamepata singeli, ambayo haihitaji vyombo hata kidogo. Kompyuta moja, programu ya kutengeneza mdundo, kipaza sauti, basi. Baadhi ya watu wazima wanaidharau. Mimi naona ni jibu la watu maskini kwa tatizo la mwenye vyombo: waliponyimwa gitaa walijitengenezea muziki usiotaka gitaa. Lakini yule anayetaka kweli kujifunza kinanda au fidla, aipige kwa vidole vyake, bado ana milango michache. Mmoja ni ukumbi wa bendi. Mwengine ni kanisa. Makanisa mengi ya Dar es Salaam yana kinanda, magitaa na mwalimu wa kwaya, na mlango uko wazi kwa kijana yeyote wa mtaani mwenye hamu. Hatuwalaumu majirani zetu kwa hilo, wamewekeza kwa watoto wao. Ila baba wa Kiislamu anayeshangaa kwamba mwanawe anashinda Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya ajiulize kijana alikuwa na mlango gani mwengine.

Visiwani kwetu hadithi ina sura nyengine lakini kiini ni hicho hicho. Inavyosimuliwa, Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze qanuni, na ala za mwanzo za taarab zilikuwa mali ya kasri. Mwaka 1905 wakaja Ikhwani Safaa, watu wa mjini waliochangishana wakanunua ala zao wenyewe. Hapo mambo yalibadilika sana. Klabu ikawa ndiyo mwenye vyombo, na mwanachama akawa na haki ya kuvitumia bila ya kuwa mtumishi wa mtu. Ukiitazama vizuri, klabu ya zamani ya taarab ni maktaba ya kuazimana ala, ila yenye ufunguo mmoja na wanachama wanaojuana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali na chama nao waliingia katika uendeshaji wa vikundi.

Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kwenye jengo la forodha ya zamani pale Mji Mkongwe. Kimefundisha udi, qanuni, fidla na ngoma za kwetu, na wamepita wengi ambao nyumbani kwao hakuna ala yoyote, wala mzazi mwenye uwezo wa kuinunua. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimekauka na kinaweza kufunga milango. Watu wa sanaa walilia kwamba taarab itakufa. Baadhi ya wenzetu misikitini walifurahi. Wote wawili walipitwa na fundisho moja la wazi: chombo cha jamii kinachoishi kwa fedha ya mgeni kinaamuliwa na mgeni. Hata maktaba ya Mwananyamala, ikianzishwa kwa hisani ya ubalozi au kampuni ya simu, itakuwa na mwenye vyombo. Atakuwa mbali tu.

Tuje kwenye hukumu. Familia nyingi za visiwani ni za madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha kwa vizazi ni Minhaj ya Imam Nawawi. Msimamo wake hauna mafumbo. Dufu linaruhusiwa katika harusi na tohara, na katika mengineyo kwa kauli yenye nguvu, hata likiwa na njuga. Ala za nyuzi kama udi, na zumari, ni haramu. Katika filimbi ya mwanzi kuna jambo la kuvutia: Imam Rafii aliiruhusu, na Nawawi akaja kusema kwamba lililo sahihi zaidi ni kuiharamisha. Hao ni nguzo mbili za madhehebu moja, na wamepishana juu ya kijiti chenye matundu. Ndugu zetu Maibadhi nao, wengi wa masheikh wao wako upande wa kukataza.

Hoja kuu ya wanaokataza ni Hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari inayowataja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki, pamoja na tafsiri za baadhi ya Masahaba juu ya aya ya sita ya Suratu Luqman. Ibn Hazm alisema sanadi ya Hadithi hiyo imekatika. Ibn Hajar al-Asqalani na wengine walimjibu kwa kuonesha kwamba imeungana kwa njia nyengine. Katika wanazuoni wa karibu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki 2022, aliruhusu ala kwa masharti ya maneno safi, mahali safi na kutopoteza faradhi. Wengi walimpinga. Tunayataja haya ili mzazi ajue kwamba khilafu ipo, na ajue pia kwamba kauli ya walio wengi katika madhehebu manne ni kukataza ala za nyuzi na za kupuliza. Anayemwambia kijana kwamba hakuna mwanazuoni aliyewahi kusema vyengine atakuja kuumbuliwa na simu ya kijana huyo. Anayemwambia kwamba jambo hili ni jepesi, kila mtu na moyo wake, naye hakusema kweli.

Kuna nukta ya Imam Ghazali ambayo inaturejesha pale tulipoanzia. Katika Ihya anapoeleza kwa nini nyuzi na zumari zimekatazwa, haelekezi kidole kwenye utamu wa sauti, kwani sauti za ndege ni tamu na hakuna aliyezikataza. Anasema zilikuwa alama ya vikao vya ulevi, zinakumbusha ulevi na kuuita. Wanaoruhusu leo wanaijenga hoja yao hapo: chombo kikitolewa kwenye kikao cha ulevi, sababu imeondoka. Wanaokataza wanajibu kwamba katazo limekuja na nassi na halisubiri sababu. Mimi si wa kuamua baina yao. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana juu ya ubaya wa kikao, na kwa miaka sitini kikao hicho ndicho mwenye vyombo wa Dar es Salaam alichowapeleka vijana. Oman, kwa mfano, Sultan Qaboos aliunda okestra ya vijana wa Kiomani mwaka 1985 chini ya dola, mbali na mabaa. Hilo haliondoi swali la hukumu ya ala yenyewe, lakini ulevi hauchanganywi humo.

Kuazimana nako kuna fiqhi yake, na hapa ndipo wengi wetu hatusomi. Kwa Kiarabu ni ariya: kumpa mtu kitu akinufaike bure kisha akirejeshe kama kilivyo. Ni ibada. Suratu Maun inawalaumu wanaozuia maun, na Ibn Masud alilifasiri neno hilo kwa vitu kama sufuria, ndoo na shoka, yaani vile majirani wanavyopeana. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliazima farasi wa Abu Talha. Aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, na Safwan, ambaye bado hakuwa amesilimu, aliuliza kama anaporwa, akahakikishiwa kwamba ni mazimo yenye dhamana. Bibi Aisha (R.A.) aliazima kidani kwa dada yake Asma, kikapotea safarini, watu wakatumwa kukitafuta, na katika tukio hilo ikashuka ruhusa ya kutayamamu.

Kwa hiyo, kwa Shafi, sharti la kwanza la ariya ni manfaa yanayoruhusiwa. Anayeshika kauli ya kuharamisha udi hawezi kuuazima wala kuuazimisha, na kwake maktaba ya Mwananyamala ina dufu na vitabu tu. Asitafute njia ya pembeni. Aliyemfuata mwanazuoni anayeruhusu ana mambo ya kuuliza kabla shangazi hajatia saini.

La kwanza ni pesa. Kama hakuna malipo, hiyo ni ariya, na kwa Shafi aliyeazima anadhamini kitu kikipotea au kikivunjika hata bila ya uzembe, isipokuwa kile kinachochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Uzi wa udi ukikatika ukipigwa kwa kawaida, hakuna deni. Udi ukiibiwa kwenye daladala, deni lipo. Kwa Mahanafi aliyeazima ni mwenye amana na halipi isipokuwa alivuka mpaka. Lakini maktaba ikitoza ada ya kila wiki kwa ajili ya ala hiyo, jambo limegeuka kuwa ijara, yaani kukodi, na mkodishwaji halipi hasara asiyoisababisha. Tofauti ya shilingi elfu mbili tu inaweza kuhamisha gharama ya gitaa zima kutoka kwa shangazi kwenda kwa maktaba. Fomu isomwe. Kama imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, waombwe waieleze kwa Kiswahili kwanza.

La pili ni umri. Mtoto asiyebaleghe hawezi kufunga mkataba huu peke yake, lazima walii wake asimame. Shangazi si walii kwa kuwa tu mtoto analala kwake. Baba aliyeko Pemba apigiwe simu, akubali au akatae kwa kinywa chake. Wapo mashangazi wema waliojikuta wanalipa vitu ambavyo baba wa mtoto hakuwahi kujua kwamba vimo nyumbani.

Halafu mahali. Chombo kikichukuliwa kwenda nyumbani kinapigwa mbele ya shangazi na watoto wake, mlango wazi, na adhana ikilia kinawekwa chini. Kikiwa ni cha kupigwa hapo hapo maktaba, basi mzazi aijue ratiba, na ajue kama Magharibi inawakuta watoto wamo ndani na kama wanaruhusiwa kutoka kwenda msikitini. Hili kwa maoni yangu lina uzito kuliko rangi ya bango la mfadhili mlangoni.

Kuna jambo jengine ambalo tunalikwepa. Sisi wenyewe tuna ala, na tunaazimana. Madrasa nyingi zina matari ya maulidi kabatini, na kikundi cha mtaa huu huwapa wa mtaa ule kukiwa na harusi. Kina mama wana masufuria, sinia na majamvi ya shughuli, na daftari la nani kachukua nini. Utaratibu wote wa maktaba tunao, na bila mfadhili. Na vikundi vya kaswida vya Dar es Salaam vinavyotia kinanda chini ya sauti za watoto vimekwishaleta mabishano ndani ya misikiti, kabla ya maktaba yoyote kuwako. Huwezi kumkataza kijana wa Mwananyamala kuazima kinanda huku ukimpigia makofi mdogo wake anayeimba juu ya kinanda hicho hicho siku ya mahafali ya madrasa. Kama ni haramu, kizimwe kote.

Maktaba za umma zilizopo hazijaelekea huko. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Disemba 1967, ni ya vitabu, na kwa kijana wa Mwananyamala iko mjini, nauli kwenda na kurudi. Kinachokosekana mtaani ni chumba chochote cha kheri kinachofunguliwa alasiri. Kamati ya msikiti inaweza kuwa mwenye vyombo wa chumba kama hicho, na katika mambo ambayo hayana ubishi kama ule wa ala za nyuzi: matari kwa vikundi vya maulidi, vitabu vya skuli, cherehani kwa mabinti wanaojifunza ushonaji, vyombo vya useremala, na kipaza sauti cha shughuli. Mwenye mali anaweza kuviwekea wakfu, ili asije kiongozi mpya akaviuza. Gharama ya cherehani tatu haifiki gharama ya karamu moja ya harusi ya Kinondoni.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameshaazima gitaa na liko kwa shangazi hivi sasa, kitu kipo mikononi mwa familia na lazima kirejeshwe salama kwa mwenyewe, hata kama mzazi anaona kuwa ni haramu. Asilivunje kwa hasira. Mali ya watu inabaki mali ya watu, na malipo yatamfuata. Amwambie kijana alirudishe, amlipie nauli, kisha wakae wazungumze juu ya hukumu, na kama kuna sheikh wanayemwamini wote wawili awe pamoja nao. Wallahu aalam.